Motoka Yenye Jina ya Mudogo Yangu

Mi sina shida na motoka. Mi nauza bukari, ugali ya kwetu, na samaki ku parking ya makamyo, pale barabara ya Fungurume inaingia mu Kolwezi, na bila makamyo batoto yangu hawakule. Lakini motoka kunisalimia asubui na jina ya mudogo yangu pa kifua, hiyo sikuomba kwa mutu.

Ilikuwa afishi, picha ya matangazo, kubwa kupita nyumba yetu, ku rond-point, pale motoka zinazunguka. Motoka nyeupe, imeoshwa sawa mutoto ya kwenda misa, na juu yake bameandika KISIMBA. Chini yake: Talvert, miaka mia moja. Nilisimama na bassin yangu ku kichwa, nilisoma, nilisoma tena. Nilisema mu roho: bon, bakina Kisimba beko mingi mu Katanga, jina haiko ya mutu moja. Lakini miguu ilishaanza kuogopa mbele ya kichwa.

Kisimba yetu alikuwa mutu ya kuchimba kobalt, upande wa Mutoshi, yee na benzake. Ile mwaka mvua ilikuwa mbaya. Shimo ilianguka asubui, jua inawaka, batu ya juu beko banakunywa chai. Benzake balitosha udongo, baliitoa na mikono mupaka kucha ikatoka damu. Udongo ilikuwa inaendelea kushuka, njo bakubwa balisema basi, inatosha, tukiendelea tutazika na bengine. Hatukupata mutu. Hata kiatu hatukupata.

Mama yetu, Mama Louise, alirudi ku nyumba na miguu. Bajirani balikuwa banaanza kuleta biti ya batu kuikala ku kilio, juu kwetu kilio haingoje mutu kualikwa. Alibafukuza. "Rudisheni biti yenu," alisema. "Hapa hakuna mutu alikufa. Mutoto yangu iko ku kazi."

Toka ile siku, ukimuuliza Kisimba iko wapi, jibu ni ile ile: iko ku kazi. Padri alikuya, alisema naye pole pole, alirudi vile alikuya. Mi nilimubembeleza, niligombana naye, nililia mbele yake, na yee ananiangalia sawa vile mi njo nilimuua kwa kulia. Uchungu ya mutoto, muzazi njo anajua, basemaka vile. Sawa. Lakini na sisi bengine tulikuwa na uchungu, na hatukuwa na fasi ya kuiweka. Mutu mwenye hajaliliwa haiko kwa bazima, haiko kwa bafu. Anazunguka tu mu nyumba. Jioni mama alikuwa anaambia Jémima, bibi ya Kisimba: "Achia bwana yako chakula." Na Jémima, na mimba yake, bila nguo ya ujane, anaweka sahani pa meza. Asubui sahani iko pale pale, na bukari imekauka. Mi nilikuwa naogopa kuifunua. Nilikuwa naogopa siku moja nitaikuta tupu.

Ile juma ya afishi, Jémima alikuwa ameshazaa. Mutoto mwanaume, kitovu ilishaanguka, na jina hana. Tulikuwa tunamuita Mugeni. Tata Kalumba, mudogo ya baba yetu, mwenye anashikaka majina ya jamaa, alikuwa amefika kwa hiyo hiyo kazi. Niliingia, nilitua bassin, na mbele ya kubasalimia nilisema: "Jina ya Kisimba iko ku rond-point. Iko pa motoka."

Nilizania batashangaa bote. Mama hakushangaa. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Nilipana mi, ile jina niliitoa mi," alisema.

"Ulipana kwa nani?" Tata Kalumba aliuliza.

"Kwa motoka."

Njo alituelezea, pole pole, bila kuinua macho. Ile kampuni ya Ulaya, Talvert, inatimiza miaka mia moja, na inatosha motoka mupya za sikukuu, zenye hazikunywake mazout, zinatembea na batri. Kobalt ya batri inatoka mu udongo ya kwetu, njo maana balitaka aina moja ichukue jina ya kijana ya Kolwezi, mutu ya nguvu. Radio ilitangaza. Mama alivaa kikwembe yake ya Pasaka, alienda ku salle ya paroisse, nyumba ya mikutano ya kanisa, alipanga mulongo na bamama bengine. Mudada moja ya kampuni, jina yake Blandine, mutu ya Lubumbashi, alimuuliza ule kijana ni nani. Alijibu: ni mutoto yangu, iko ku kazi.

"Bataita jina yake mu dunia yote, Ndaya," aliniambia. "Mutu mwenye anaitwa fasi yote, atapotea namna gani?"

Niliona giza. Nilisema bitu yenye mutoto hasemi kwa mama yake, na Tata Kalumba aliniachia niseme, kisha aliinua mukono.

"Inatosha. Ulimi haina mufupa, lakini inavunja. Sikieni. Kwetu jina inalala mu nyumba moja, hailale mu mbili. Na jina ya baba haipandi juu ya mutoto yake kama baba iko muzima. Lazima tuseme alikufa, tumulie, tumuachie njia, njo jina inarudi. Mama yenu anajua hiyo kunipita mi." Alimugeukia. "Shemeji, ulipana ku motoka juu motoka haiulizi kama mutu alikufa. Mutoto njo anauliza."

Mama aliendelea na sombe yake.

Jémima ni mutu ya kusema kidogo. Ile siku alisema. "Tata, mi sikatae desturi ya nyumba yenu. Lakini mutoto hawezi kuikala mugeni kwa baba yake. Kama hapa hakuna jina, siku ya posho, jumamosi, nitapanda kamyo, nitaenda kwetu Dilolo. Baba yangu atamupa jina ya kwetu."

Bote tulijua ile maneno ina uzito gani. Mutoto akichukua jina ku Dilolo, ni mutoto ya Dilolo. Atakomaa kule, ataoa kule, na kwetu atakuya kama mupita njia. Ya Kisimba hatukuwa na kaburi, hatukuwa na kiatu. Tulikuwa na ule mutoto tu. Naye angetoka.

Kuanzia pale jina ilianza kutufuata. Bashofere banakula kwangu, mumoja anasema: "Yaya Ndaya, jana nilipishana na Kisimba ku Fungurume. Banaileta. Inapita bila kelele, sawa mutu mwenye amevua viatu." Bijiko ilianguka mu mukono yangu. Ku soko, bamama banasema Kisimba amefika, Kisimba iko analala nyuma ya salle, Kisimba ni muzuri kupita picha. Batu hawakuwa na ubaya. Lakini mi nilikuwa nageuka kila mara, na kila mara nilikuwa nakuta nafasi tupu nyuma yangu.

Mama naye alianza kutoka saa ya mangaribi, mbele jua izame. Siku moja nilimufuata. Alipita soko, alipita kanisa, aliingia ku kiwanja ya nyuma ya salle, na sentinelle, mulinzi ya pale, alimufungulia bila kuuliza, sawa batu benye banazoeana. Motoka ilikuwa pale, pa kivuli. Mama alifungua mulango, aliikala ku kiti ya mbele, sahani yenye kufunikwa pa magoti. Nilisogea mupaka ku dirisha.

"Kisimba," mama alisema.

"Niko hapa, mama," motoka ilijibu.

Nitasema kweli: ile sauti haikuwa ya mudogo yangu. Yake ilikuwa imekwaruzwa na vumbi, hii ilikuwa laini, ya kijana mwenye alisoma. Kampuni iliiweka ili motoka ijibu mutu akiiita kwa jina, na kwa ajili ya sikukuu baliifundisha Swahili ya kwetu. Kila mwanamuke inamuita mama. Hiyo yote nilielezwa nyuma. Ile saa, nywele yangu yote ilisimama.

"Unasikia baridi?" mama aliuliza.

"Naongeza joto, mama."

Hewa ya moto ilitoka, nilisikia ikinifikia ku uso. Mama alifunga macho.

"Kule chini kuko baridi, ee?"

"Sikusikia muzuri, mama. Sema tena."

Aliinama, alisema tena. Motoka ilijibu vile vile, na adabu yake: sikusikia muzuri, mama, sema tena. Aliongeza sauti. Ilisema tena haikusikia. Aliongeza, aliongeza, mupaka alikuwa anaita kwa sauti yote, mudomo karibu na kioo ya mbele, pale sauti inatoka, na mi nilikumbuka ile asubui ya Mutoshi, vile tulilala na tumbo pa udongo tunaita mu shimo, yee na mi, jina ile ile. Nilimuvuta mukono. Sahani ilianguka. Niliiokota, tulirudi ku nyumba.

Kesho yake nilimutafuta ule Blandine ku salle. Nilienda na hasira imejaa mudomo, nilitaka kumukuta mutu mubaya, ingenisaidia. Nilikuta mudada amechoka, macho mekundu juu ya kazi, anapanga maua. Nilimuambia yote nimesimama.

"Mama Louise aliniambia mutoto iko ku kazi," alisema.

"Iko ku kazi chini ya udongo."

Aliikala pa sanduku. Kisha alinipeleka ku motoka, alinionyesha kule mbele: jina iko ya chuma, imepigiliwa. Na zingine zenye jina hiyo zilishapanda meli. Bakubwa ya Talvert balishatua, kesho ni sikukuu. "Yaya, siwezi kutosha jina. Kama ningejua, nisingeandika. Mi pia niko na mama." Kitu moja aliweza: kesho, mbele ya batu kuingia, atatuachia dakika kidogo na motoka, sisi benyewe.

Tata Kalumba alisikia habari ya chuma, alicheka kidogo. "Chuma ibaki na alama yake. Jina haikai mu chuma. Mwenye alipana na mudomo, atatosha na mudomo. Asimame mbele yake, aseme mwenye jina alikufa. Ni hiyo tu."

Ni hiyo tu. Toka shimo ianguke, ile neno haijatoka mu mudomo ya mama yangu.

"Sitasema," mama alisema. "Mukitaka, semeni ninyi. Mi sitamuua mutoto yangu."

"Shemeji, ni weye ulipana."

"Nilisema sitasema."

Siku ya sikukuu ilikuwa siku ya posho. Jémima aliamuka, alikunja bikwembe yake mu sanduku, alifunga mutoto pa mugongo. Hakufanya kelele, hakulia, hakutafuta kututisha. Alikuwa mutu mwenye anasafiri. Alipiga magoti mbele ya mama kuaga. Mama alimuangalia ule mutoto. Kichwa ilikuwa inatoka juu ya kikwembe, na sikio moja imekunjwa, sikio ya jamaa yetu. Aliangalia sana. Kisha alichukua kitambaa yake, alifunga ku kichwa, alitoka mbele, na sisi tulimufuata, Jémima na sanduku, Tata Kalumba na mpemba yake, udongo nyeupe ya desturi, mu karatasi, mi nyuma.

Salle ilikuwa imepambwa. Biti zimepangwa, bendera, bapiga muziki banajaribu ngoma. Blandine alituingiza ku mulango ya nyuma, alitupitisha juu ya jukwaa.

Motoka ilikuwa pale. Ilikuwa imefunikwa na nguo nyeupe, toka mbele mupaka nyuma, nguo imeshuka mupaka chini, na maua kando kando.

Mama alisimama. Mi pia nilisimama. Hakuna mutu alikuwa ametuambia kama banafunikaka motoka hivi. Blandine aliona nyuso yetu, na alifahamu, na alifunika mudomo yake na mukono. Mama yangu hakupata siku ya kumuona mutoto yake amefunikwa nguo nyeupe. Bamama bengine banapata hiyo, banainua kidogo pa uso, banaangalia, banafunika. Yee alipewa udongo tu.

Alisogea. Alipapasa ile nguo na kiganja, pole pole, pale mutu angekuwa na bega.

"Kisimba," alisema.

"Niko hapa, mama." Ilitoka chini ya nguo.

Jémima aliruka, sanduku ilimutoka. Mutoto aliamuka. Mama hakutosha mukono.

"Kisimba," alisema tena, na nilisikia koo yake inatafuta ile neno, na mbele aipate, motoka ilimukata:

"Niko hapa, mama."

Nilidhani ataanguka. Nilitaka kukimbia nimuzibe masikio. Kila mara anaanza na jina, na kila mara ile sauti inamujibu iko pale. Namna gani unaambia mutu mwenye anakujibu kama alikufa? Tata Kalumba alinishika mukono. Alinong'ona: "Muachie. Ni yee na mutoto yake."

Mama alivuta pumzi. Aliinama, alilaza shavu pa nguo.

"Kisimba alikufa," alisema, na motoka ilisema niko hapa mama, naye hakusimama, alipitisha sauti juu ya sauti. "Alikufa ku Mutoshi. Shimo ilimuangukia. Nilimuita, alikosa kujibu. Mi mama yake njo nasema. Mutoto yangu alikufa. Ile jina niliipana mubaya, naichukua. Usiitike tena, papa, mutoto yangu. Lala."

Bapiga muziki balikuwa bameacha ngoma.

"Sawa, mama," motoka ilisema. "Nimesikia."

Tata Kalumba alifungua karatasi, alipaka mpemba pa kipaji ya uso ya mutoto. Mama alimupokea toka mugongo ya Jémima, alimuweka mudomo pa lile sikio lenye kukunjwa, na alisema jina kwa sauti ya kawaida, vile unaita mutu wa karibu. Sisi bote tuliangalia nguo nyeupe. Nguo haikusema kitu.

Batu ya kwanza balishaanza kuingia. Tulitoka ku mulango ya nyuma.

Bengine balinielezea bya sikukuu. Mukubwa ya Talvert alihutubia juu ya miaka mia moja, batu balipiga makofi, nguo ilivutwa, motoka iling'ara kweli kweli. Kisha yule muzungu alisogea na kicheko, aliita: "Kisimba." Kimya. Aliita tena. Bafundi balikimbia na matelefone yabo. Salle nzima ilicheka, na motoka ilibaki na taa imezima. Blandine aliniapia nyuma kama hakuna mutu aliigusa, alisema labda ilikuwa kelele ya salle, labda batri. Mi sikubishana naye.

Jémima hakupanda kamyo. Sanduku yake ilirudi na mi pa kichwa. Kufika ku nyumba, mama hakuingia kupika. Alipita kwa bajirani, mulango kwa mulango, alianza kubeba biti yeye mwenyewe, kimoja kimoja, anapanga mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yetu, upande wa barabara. Nilitaka kumusaidia, alikatala. Alivua viatu. Alivua kitambaa ku kichwa.

Mama Glodie, jirani ya mbele, mwenye alifukuzwaka na biti yake siku ile shimo ilianguka, alitoka ku mulango akipangusa mikono. Aliangalia biti. Aliuliza na hofu, sawa mutu mwenye anakanyaga fasi ya moto: "Mama Louise, ni kilio ya nani?"

"Ya Kisimba," mama alisema. "Mutoto yangu alikufa."

Njo aliikala chini, pa udongo, na alianza kulia, na sisi tulipata ruhusa.